Harage la Bibi

Haya, sogeeni karibu. Na wewe uliye nyuma, sogea. Hadithi ya leo inasomwa polepole.

Nyemo alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili. Aliishi Manyoni, kwenye nyumba iliyo jirani na reli.

Aliishi na Baba, Mama, kaka yake Yona, na Bibi, mama yake Baba. Walikuwepo pia kuku saba. Mkubwa wao aliitwa Kishungi, naye alijiona ndiye mwenye nyumba.

Nyemo alilala kitanda kimoja na Bibi. Kila usiku Bibi alimshika kisigino kwa mkono wake wenye joto. Akishikwa hivyo tu, usingizi huo.

Treni ilipopita, Bibi aliacha kila kitu. Tuuu! Chaka-chaka, chaka-chaka. Alisimama mlangoni akaipungia mkono mpaka behewa la mwisho.

Siku moja Baba alikuja na habari. Likizo ya mwezi wa sita watakwenda ziwani. Huko kuna maji mengi kuliko mapipa yote ya Manyoni.

Yona alipanda juu ya kiti kwa furaha. Akaambiwa ashuke.

Lakini waende mji gani? Baba alitaka Kigoma. Mama alitaka Bukoba. Yona alitaka Matema.

Wakabishana wakati wa chai. Wakabishana wakati wa ugali. Wakabishana mpaka Kishungi akatoka nje.

Mama akasema basi, wapige kura. Akapanga vikombe vitatu vya bati mezani. Chekundu, Kigoma. Cha buluu, Bukoba. Cha kijani, Matema.

Kisha akagawa maharage. Moja la Baba. Moja la Mama. Moja la Yona. Moja la Nyemo.

Baba alisema Kigoma wataenda kwa treni, tena watalala humo humo ndani. Akadondosha harage lake kwenye kikombe chekundu. Ting!

Mama alisema Bukoba yuko rafiki yake aliyesoma naye, na migomba imefika mpaka mlangoni. Akadondosha lake kwenye kikombe cha buluu. Ting!

Yona alisema Matema kuna milima kando ya maji, na mchanga wa kuchezea mpira. Akadondosha lake kwenye kikombe cha kijani. Ting!

Kila kikombe kikawa na harage moja. Wote wakamtazama Nyemo. Lililobaki ni lake, na ndilo la kuamua.

Nyemo alilishika vizuri. Lilikuwa dogo, jekundu, laini. Akakisogelea kikombe chekundu.

"Na Bibi je?" akauliza.

"Bibi atabaki na kuku," wakasema.

Nyemo akarudisha mkono. Akakisogelea kikombe cha buluu.

"Na Bibi je?"

"Bibi atabaki na kuku."

Akakisogelea kikombe cha kijani. Alikuwa na wasiwasi sasa.

"Na Bibi je?"

"Bibi atabaki na kuku."

Bibi mwenyewe alikuwa uani, anachagua mchele. 

Nyemo akatia harage mfukoni. Akasema bado anafikiri.

Alifikiri siku ya kwanza. Alifikiri siku ya pili. Siku ya tatu Yona alimpa nusu ya andazi ili achague Matema. Nyemo akala andazi, akaendelea kufikiri.

Usiku ule, kitandani, akamnong'oneza Bibi. "Bibi, huko ziwani nani atanishika kisigino?"

Bibi alisema Mama yupo, atamshika.

"Na wewe utalala na nani?"

Bibi alicheka kidogo. Akasema kuku wapo, na Kishungi ana maneno mengi, hatakuwa mpweke.

Lakini Nyemo hakucheka. Alihuzunika. Alilala na harage ndani ya ngumi yake.

Asubuhi Nyemo alipanga vikombe vya chai. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano.

Akasimama. Vikombe vya chai vilikuwa vitano. Maharage yalikuwa manne.

Akahesabu tena. Akahesabu kwa vidole. Bado vitano, na bado manne.

Nyemo akamwendea Bibi. Akaufungua mkono wa Bibi, akaweka harage katikati ya kiganja.

"Bibi, hili ni lako," alisema. "Wewe hukupewa."

 Baba aliangalia ndani ya kikombe chake cha chai. Yona aliacha kutafuna.

"Mama," Baba akasema polepole, "kumbe ulitaka kwenda?"

"Hamkuniuliza, mwanangu," Bibi akasema. Hakuwa na hasira.

Aligeuza harage kiganjani. Aliligeuza tena.

"Treni ile nimeipungia mkono tangu nilipoolewa nikaja hapa," akasema. "Nami nataka siku moja nipunge nikiwa ndani."

Akainuka, taratibu, kwa sababu ya magoti. Akaenda mpaka kwenye kikombe chekundu. Ting!

Baba alimshika Bibi mikono yote miwili. "Tusamehe, Mama," akasema.

Mama akaenda jikoni haraka. Akarudi na harage jingine, la Nyemo. Maharage yalikuwa tele kwenye kopo siku zote.

Nyemo hakufikiri hata kidogo. Alilidondosha pale pale, juu ya harage la Bibi. Ting!

Ikawa Kigoma. Yona alinuna mpaka alipoambiwa kwamba Kigoma nako kuna mchanga. Mama akasema basi, rafiki yake wa Bukoba atazungumza naye kwa simu.

Na kuku je? Kuku walibaki na Mama Sechelela, jirani yao. Kishungi hakukubali, lakini hakuwa na harage.

Siku ya safari ikafika. Bibi alivaa khanga mpya. Akakaa dirishani, na Nyemo akakaa mapajani pake.

Tuuu! Chaka-chaka, chaka-chaka. Treni ikaondoka.

Ikapita karibu na nyumba yao. Mama Sechelela alikuwa amesimama mlangoni na kuku saba.

Bibi akatoa mkono wake nje kidogo, akapunga. Mama Sechelela naye akapunga. Bibi alipungia watoto. Alipungia mbuzi. Alipungia hata miti.

Walilala ndani ya treni. Wakaamka ndani ya treni. Na mwisho wakafika ziwani.

Ziwa lilikuwa pana na la buluu. Chwaa, likaja. Chwaa, likarudi.

Bibi alikaa mchangani. Akavua viatu, akanyoosha miguu majini. Maji yakaja, yakamfika kwenye vifundo, yakarudi.

"Linapumua," Bibi akasema. Nyemo akakaa kando yake, naye akaingiza miguu.

Wakakaa hivyo mpaka Yona akachoka kupiga mpira, na Baba akaja kuwaita wakale.

Usiku Nyemo na Bibi walilala kitanda kimoja, karibu na dirisha. Nje, ziwa lilipumua. Chwaa. Chwaa.

Nyemo akatoa kisigino chake. Bibi akakishika.

Lakini mkono wa Bibi ukalegea. Ukalegea tena. Bibi alikuwa amechoka kupunga, na usingizi ulikuwa umemwahi.

Nyemo akageuka kimyakimya. Akatafuta chini ya shuka mpaka akakipata kisigino cha Bibi. Kilikuwa kigumu, na bado kilikuwa na mchanga.

Akakishika kwa mkono wake mdogo wenye joto. Chwaa. Chwaa. Akakishika mpaka na yeye akalala.

Haya. Na wewe sasa, leta kisigino chako.