Vishati vya Wodi

Kila siku baada ya shule, Kimya alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha la chumba cha kushonea. Kunawa ilikuwa amri ya Shangazi. Nguo walizoshona zilikwenda hospitali, kwenye wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kishati kizima kilienea kwenye kiganja.

Redio, binti wa Shangazi, alikata vitambaa huku mdomo ukienda. Shangazi alishona kwa cherehani. Kisha yeye na Kimya waligawana vishati, wakavishonea kwa mkono kamba za kufungia, za shingoni na za mgongoni.

Jina la Kimya alilipata humo humo nyumbani. Tangu mama yake afariki na yeye kuletwa kwa Shangazi, alisema "ndiyo", "hapana" na "asante", basi. Hakulia wala hakununa. Akipewa chakula alikula, akiambiwa alale alilala. Sindano iliingia, sindano ikatoka, mgongo ukamuuma, kishati kikaenda kikapuni bila kutazamwa.

"Hata cherehani ina maneno kukushinda," Redio alimtania. "Hebu tuambie, leo mwalimu wa hesabu kavaa nini?"

"Shati."

"Shati! Jamani, habari ya moto hiyo!"

Shangazi alicheka. Kimya aliendelea kushona.

Jumatano moja muuguzi wa wodi aliingia na mfuko, akaumwaga mezani. Vishati ishirini na vinne.

"Mama fundi, tumefanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Tisa, dada. Kuna nini?"

"Pitisha kidole humu ndani."

Shangazi alipitisha kidole kwenye shingo ya kishati. Uso ukambadilika. "Fundo," alisema polepole.

"Mafundo! Mtoto mmoja amechubuka shingo. Alilia kutwa nzima, hatujui analilia nini. Ngozi yao ni kama utando wa maziwa, wewe mwenyewe unajua."

Shangazi alijua. Nguo ya mtu mzima hufichwa mafundo ndani, uzuri ukabaki nje. Vishati hivi hushonwa kinyume: mafundo yote hukaa nje, ndani pakawa laini.

"Basi ni macho yangu," alisema. "Siku hizi hata kutunga uzi namwomba Redio. Tafuta fundi mwingine, dada. Sitaki kuwaumiza watoto wa watu."

Akachukua kitambaa, akaanza kuifunika cherehani, na jua bado liko juu. Redio aliweka mkasi chini.

Kimya alitazama vishati. Kila fundo lilikuwa limezungushwa mara tatu. Shangazi huzungusha mara mbili. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angeshangaa.

"Ni mimi," alisema.

"Nini, mwanangu?"

"Si macho yako, Shangazi. Ni mimi. Ulinionyesha, lakini sikuwa natazama. Mikono inashona tu. Mimi sipo."

Muuguzi aliinamisha kichwa. Shangazi hakufoka. Aliondoa kitambaa juu ya cherehani.

"Umesema kweli, na kweli imeniokoa," alisema. "Lakini shingo ya yule mtoto imechubuka, na hilo ni letu. Dada, tupe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa mchana," muuguzi alijibu.

Alipoondoka, Shangazi alimvuta Kimya kando yake. "Vidole vyetu vimeota sugu kwa sindano, vinadanganya. Tumia mdomo wa juu. Pitisha kitambaa hapa, polepole."

Kimya alipitisha. Kilimkwaruza. Akafumua fundo, akalifunga upya kwa nje, akapitisha tena.

Kwenye kishati cha saba alisimama, akageuza kamba huku na huku. Akakunja ncha yake, akalifunika fundo kwa ule mkunjo. Sasa halikukwaruza ndani wala nje.

"Nani kakufundisha hivyo?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna."

"Kimya!" Redio alisimama mlangoni. "Nimekuita mara nne uje ule. Ububu tumeuzoea, na uziwi nao umeanza leo?"

"Sikusikia," alisema Kimya, na kweli hakusikia. Alishangaa kuona alikuwa amefika kishati cha kumi na tano.

Ijumaa muuguzi alipitisha vishati vyote kwenye mdomo wake wa juu, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko vikafuliwe hospitali. Yule mtoto alikuwa anapona, alisema. Muuguzi alipokuwa anavaa viatu mlangoni, Kimya alimfuata.

"Yule mtoto analala chali au kifudifudi?"

"Chali. Kwa nini?"

"Basi kamba za mgongoni anazilalia. Tuzihamishie ubavuni."

Muuguzi alimtazama Shangazi. "Haya, vinavyofuata vishoneni hivyo."

Walipobaki peke yao, Shangazi alisema, "Mwanangu, kazi haitamrudisha mama yako, yuko kwa Mungu. Lakini kazi hii hii ilikuwa mikononi mwako miezi yote, nawe hukuiona. Ukimfikiria atakayeivaa, utaiona, na ukiiona utaipenda. Raha ya kazi huanzia hapo."

"Ndiyo, Shangazi," alisema Kimya. Kisha akaongeza, "Leo hata mgongo haujaniuma."