Milimita Nne

Walikutana penye mlango wa soko, saa ya watu kutoka kazini. Mwanamume alikanyagwa na umati, kiatu kikamtoka mguuni, kikapigwa mateke mpaka mbele ya kibanda cha fundi viatu, mwanamke mwenye aproni ya ngozi na hereni kubwa za shaba.

"Umekiua kisigino," alisema Fundi akikigeuza. "Au kisigino ndicho kinachokuua wewe?"

Mwenyewe, mkimbiaji wa mbio ndefu aliyeitwa Twiga kwa ule urefu wake, alicheka, akavua na cha pili. Basi mapenzi yakaanza. Kwa miezi saba Fundi alimshonea viatu, na kila asubuhi alimtania kwenye simu kwamba anamtembelea fundi zaidi kuliko anavyomtembelea mama yake. Lakini kisigino cha kushoto kilimuuma kweli, na Twiga alikuwa na miaka thelathini na sita. Mbio za mchujo zilizokuja zilikuwa nafasi yake ya mwisho: watatu wa kwanza wangeingia timu ya taifa.

Wiki ya mbio Twiga alimwachia viatu vipya abadilishe kamba tu. Fundi akamwona anashuka ngazi huku ameshika ukuta, roho ikamuuma. Akabandua soli, akapachika sponji ya milimita nne, akagundisha upya kwa ustadi. Hakumwambia. Mapenzi nayo yana kiherehere.

Twiga akaingia wa pili. Fundi alilia kwa furaha pale kwenye uzio, amevaa gauni lake la manjano. Kisha waamuzi wakawavua washindi viatu, wakapima soli. Mwisho unaoruhusiwa ni milimita arobaini. Za Twiga zilikuwa arobaini na tatu, na jina lake likafutwa palepale.

Jioni Twiga akapiga simu. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Ulikuwa unaumia, mpenzi."

"Nani alikutuma?"

Twiga akakata. Wenzake wa mazoezini walishamwambia kwamba fundi wake alihongwa na yule aliyemaliza wa nne, aliyeichukua nafasi yake kwenye timu, naye akalishika hilo. Kwa miezi mitatu hakupokea simu yake. Fundi alikonda, akawa anawajibu wateja kwa mkato.

Siku moja mchana Twiga akaja, amevaa sare ya ulinzi inayombana mabegani. Akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Nilijua hukuhongwa," alisema. "Ila kumchukia mwizi ni rahisi kuliko kumchukia mtu anayekupenda."

Fundi akamwomba msamaha. Maji yalishamwagika, na wote wawili walijua hayazoleki.

"Kuna kitu sijamwambia mtu," alisema Twiga. "Siku ile ya mbio kisigino hakikuniuma. Kilomita zote zile, hata mara moja. Nilikuwa nimesahau kukimbia kulivyo kutamu. Sasa nimekumbushwa, na sina pa kukimbilia."

Fundi akashindwa kujizuia, akalia mbele ya wateja. Alipopata sauti akamwomba amrudie.

Twiga alitazama miguu ya wapita njia.

"Nitarudi," alisema. "Ila usinionee huruma tena bila kuniuliza."