Goti Si la Mama Yangu

"Madam, huyu mama alishatibiwa hapa mwezi wa tano," Diana wa dirisha la bima alisema bila kuinua uso. "Operesheni ya goti la kulia. Bima yake ya mwaka huu imekwisha."

"Goti gani?" Jeruto aliuliza. "Mama yangu amekuja na macho."

"Kompyuta inasema goti."

"Basi kompyuta ije imwangalie."

Mama Linet, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na karatasi ya daktari wa macho mkononi, hakuingoja kompyuta. Alisimama, akapandisha sketi juu ya magoti mbele ya foleni nzima. Magoti mawili makavu, yenye sugu za maombi. Kovu hakuna.

"Mnaona?" aliuliza. "Ama ni mimi tu sioni?"

Foleni ikaangua kicheko. Jeruto hakucheka.

"Weka kidole hapa, mama," Diana alisema, sauti imelegea kidogo.

Mashine ikakataa. Wakajaribu kidole kingine, ikakataa.

"Dada," Diana alinong'ona, "alama za vidole ziko kwa faili. Lakini si za huyu mama."

Jeruto alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema, na aliyoyatazama yalikuwa hayampotei. Alikumbuka mwaka jana, Kigen alipokuja kwao Kapseret na kimashine chake. Kigen, mchumba wake, ajenti wa bima ya chama cha maziwa. Vidole vya mama vilikuwa vimelainishwa na jembe na chuchu za ng'ombe, mashine ikavikataa mara tatu. "Usijali, mpenzi," Kigen alisema, "nitamalizia ofisini." Alikumbuka pia mwezi wa nne mwaka huu, mama yake Kigen alipoteleza kwenye matope akaumia goti. Kufika mwezi wa nane alikuwa anaenda kanisani bila fimbo, na watu wote wakamshukuru Mungu.

Akapiga simu.

"Kigen, nani alitibiwa goti na jina la mama yangu?"

"Uko wapi?"

"Kwa dirisha la bima."

Simu ikakatika. Ujumbe ukaingia papo hapo: *Babe toka hapo kwanza. Usitaje jina langu. Nakuja.*

Alikuja na bodaboda, jasho linamtoka na jua lenyewe halijawaka. Akamshika Jeruto mkono, akamvuta pembeni, karibu na benchi la Mama Linet.

"Nisikize. Mama yangu ana miaka sabini na tatu. Chama hakiandikishi mtu amepita sabini. Ningefanya nini? Nimwangalie akitambaa kwenda choo?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Ningeuza ndama tukampeleka. Ungeniambia, Kigen! Lakini wewe uliona rahisi kuchukua jina la mama yangu kama vile mtu anaanua nguo ya jirani kwa kamba."

"Si tunaoana Desemba? Mama yangu ni mama yako."

"Na mama yangu ni nani? Ng'ombe wa kukamuliwa?"

"Yake ni macho tu, Jeruto. Macho yanaweza kungoja Januari."

"Macho hayangoji. Yanazima."

Kigen akaona hapo hapenyi, akamgeukia Mama Linet. "Mama, tafadhali mwambie mtoto. Hii kitu ikiandikwa, kazi imeenda. Koito ni wiki tatu, wazee wameshaitwa kukubaliana mahari."

Mama Linet aliikunja ile karatasi.

"Jeruto," akasema taratibu, "twende nyumbani. Macho yangu nimeyatumia miaka sitini na nne, yametosha. Wewe olewa."

Maneno hayo yalimuuma Jeruto kuliko yote ya Kigen. Alimtazama mama yake, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemwaga maziwa nje ya ndoo akidhani anamimina ndani.

"Mama, nisamehe. Leo sitakutii."

Akachukua simu, akaweka spika, akampigia mama yake Kigen. Kigen aliruka kuinyakua. Mlinzi wa mlangoni akakohoa tu, Kigen akarudi nyuma.

"Mama, hujambo? Ni Jeruto. Hospitalini walipokuita uingie operesheni, waliita jina gani?"

"Waliita Linet," sauti ya kikongwe ilijibu, nyepesi kabisa. "Nikamuuliza Kigen, akasema hilo ni jina la bima. Nikadhani siku hizi bima inabatiza watu. Kwani kuna makosa?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Yapo, mama. Lakini si yako."

"Kama nimetumia kitu ya mtu, nitakuja niseme," kikongwe akasema. "Goti hili linanifikisha."

Diana alikuwa amesikia yote. Alipitisha fomu chini ya kioo. "Ukiandika malalamiko, inaenda kwa wakubwa leo. Kidole kidogo cha mama tutakijaribu pia, wakati mwingine hicho hakiliki."

Kigen akacheka kwa hasira. "Aandike? Aliishia darasa la nane huyu!"

"Nilifika la nane," Jeruto alisema, "na nilifunzwa kuandika jina la mama yangu."

Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, kwa Kiswahili. Watu wa foleni walingoja, hata waliokuwa na haraka. Alipofika mahali pameandikwa *Uhusiano wako na mlalamikiwa*, kalamu ikasimama.

"Jeruto," Kigen alinong'ona, sasa ni mpole. "Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Akaandika: *Alikuwa mchumba wangu mpaka leo saa tano asubuhi.* Akarudisha fomu.

Kesi haikwenda haraka. Kikongwe alikuja kwa miguu yake, akasema ukweli wote, na Kigen akasimamishwa kazi. Kidole kidogo cha kushoto cha Mama Linet kilisomeka kwenye mashine, bima yake ikarudishwa, akafanyiwa operesheni ya jicho. Wiki saba baadaye walimtoa bandeji ya jicho la kwanza. Alimtazama binti yake muda mrefu.

"Kumbe umekonda hivi?"

"Ni hilo jicho, mama. Bado jipya."

"Wacha uongo. Nani alikukondesha? Yule?"

Jeruto akatoa simu. Ilikuwa imelia mfukoni, ujumbe wa Kigen: *Mambo. Nimekosa sana. Naweza kuja kumwona mama?*

Alisoma mara mbili. Alimpenda bado kidogo, na hilo halikumtisha tena. Akajibu:

*Karibu. Ila ujue mama siku hizi anaona. Ukija, atakuangalia usoni.*

Kigen hakuja.