Utamu Uliomwumiza Gatera

Kila asubuhi Sebarenzi alikamua ng'ombe. Mukankusi, mke wake, alichuja maziwa, akayapeleka kuuza Masisi. Nyumba yao ilikuwa kilimani, karibu na Lushebere. Ilikuwa mwaka 1957, na hawakukosa chakula.

Lakini mtoto wao Gatera hakukua. Alipokuwa ananyonya tu, alinenepa vizuri. Alipofika miezi minane alianza kuonja chakula, na taabu ikaanza. Alitapika. Alitoka jasho, akatetemeka. Tumbo likavimba, mikono ikabaki myembamba kama vijiti.

Nyirabahire, mama ya Sebarenzi, alimpenda sana mjukuu wake. Alitoka kijijini kwake Kingi kwa miguu kumletea ndizi mbivu na asali. Lakini kila alipoondoka, alimwacha mtoto mgonjwa. Majirani wakaanza kunong'ona.

"Fungua macho," Emérita wa nyumba ya pili alimwambia Mukankusi. "Huyu mama mukwe anamupatia mutoto sumu."

Mukankusi hakutaka kuamini. Siku moja Nyirabahire alimlisha mtoto asali. Muda si mrefu, Gatera akalegea, akazimia.

"Usiguse mutoto wangu tena!" Mukankusi alipiga kelele.

"Mimi nimuue damu yangu?" Nyirabahire aliuliza. Akachukua kikapu chake, akateremka kilima bila kuaga.

Sebarenzi alisimama mlangoni. Hakujua amfuate mama yake au abaki na mtoto. Mwisho akambeba mtoto. "Twende ku lupitalo," alisema.

Hospitalini, daktari wa watoto alikuwa mwanamke, jina lake Adelaïde. Watu walimwita Mama Munganga, yaani Mama Daktari. Zaidi ya kutibu, alichunguza magonjwa ya watoto yasiyoonekana mara nyingi. Alikuwa na chumba kidogo kilichojaa chupa.

Alimdunga Gatera sindano, mtoto akaamka. Siku tatu alinyonya na kunywa maziwa ya ng'ombe. Akaanza kucheka. Siku ya nne alipata kikohozi kidogo, akapewa siro, dawa tamu ya kunywa. Mara akatapika, akatetemeka kama zamani.

Mama Munganga alikuja mbio na sindano yake. Mtoto alipotulia, alichukua chupa ya siro, akaonja tone moja. Akakaa kitandani karibu na Mukankusi.

"Mama, unisamehe. Dawa yangu njo imemugonjesha."

Mukankusi alishangaa. Hakuwahi kusikia munganga akiomba msamaha.

"Uniambie," Mama Munganga aliendelea, "nyumbani ni vitu gani vilimugonjesha?"

"Ndizi mbivu. Asali. Muwa. Na viazi vitamu."

"Na maziwa?"

"Maziwa hapana. Uji wa mtama hapana pia, kama haina asali."

"Umesikia vile umesema? Vyote ni vitamu!"

Alimpeleka Mukankusi katika chumba cha chupa. Alichemsha mkojo wa mtoto pamoja na dawa ya rangi ya buluu. Buluu ikageuka nyekundu kama tofali.

"Hii ni alama ya sukari," alisema. "Ini ya Gatera haijui kutumia utamu wa asali, wa matunda na wa muwa. Kwake utamu unakuwa kama sumu. Amezaliwa hivyo. Hakuna muntu amemuroga."

Mukankusi akainamisha kichwa. Alimkumbuka Nyirabahire akiteremka kilima peke yake.

"Na watoto wengine?" aliuliza polepole. "Nao waache ndizi?"

"Hapana! Matunda inawapatia nguvu. Ugonjwa huu ni wa watoto wachache sana. Nilishaona wawili tu kabla ya Gatera. Walitoka Walikale, na wote walikufa, juu sikuujua ugonjwa wenyewe. Mwaka huu nimesoma maandishi ya waganga wa Ulaya, nikaanza kuelewa."

"Dawa yake ni gani?"

"Haiko mu chupa. Dawa ni chakula. Lakini wale waganga hawajui chakula ya Masisi. Tutaitafuta, mimi na wewe."

Wakaanza kazi. Walimpa Gatera chakula kipya kimoja kila siku mbili. Uji wa mtama wenye chumvi. Yai. Mchuzi wa nyama. Viazi vya kawaida, ambavyo Mukankusi alivichemsha, akamwaga maji ili utamu utoke, akavichemsha tena. Kila mara Mama Munganga alipima mkojo. Mukankusi aliitazama chupa bila kupepesa macho.

"Buluu!" alisema. "Imebaki buluu!"

Baada ya wiki tatu Gatera alikuwa ameongeza kilo moja.

Siku ya kutoka hospitalini, Mukankusi hakwenda nyumbani. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja Kingi. Nyirabahire alikuwa anapalilia maharagwe.

"Mama, nilikukosea," Mukankusi alisema. Akamweleza yote.

Nyirabahire aliweka jembe chini. Kisha akapangusa udongo mikononi. "Umulete hapa," alisema. Alimkumbatia mjukuu wake. "Sasa mimi nitamupa nini?"

"Maziwa, mama. Na yai."

"Maziwa!" Nyirabahire akacheka huku machozi yakimtoka. "Basi mutoto huyu amezaliwa mu nyumba ya ng'ombe, nyumba yake kabisa."

Gatera alikua. Alipofika miaka miwili alikimbia nyuma ya ndama siku nzima, na mama yake alichoka kumfuata.

Mama Munganga aliandika kwa Kiswahili namna ya kumlisha mtoto mwenye ugonjwa ule. Karatasi zikapelekwa kwa madaktari wa Walikale na Kitshanga. Na siku ya kupima watoto, alimwomba Mukankusi azungumze na akina mama.

"Mutoto akigonjwa, musiulize kwanza ni nani amemuroga," Mukankusi aliwaambia. "Muulize amekula nini. Na mumulete hapa mbio."

Mwanamke mmoja, Thacienne, akasimama. Alikuwa ametoka Kitshanga na binti yake mdogo.

"Wangu anatetemeka akinyonya muwa," alisema kwa sauti ndogo.

Mukankusi alimpokea mtoto. "Kuja, dada," alisema. "Mama Munganga iko ndani. Huyu ataishi."

Na binti yule aliishi.