Mgonjwa Aliyejibu Ndiyo

Kila Alhamisi baada ya masomo, wanafunzi wachache wa darasa la sita walibaki maktabani ili waugue.

Hiyo ndiyo kazi waliyojitolea kufanya. Manesi wa kliniki moja ya mji wa Oxnard walikuwa wakijifunza Kihispania, kwa sababu wagonjwa wao wengi ni wachumaji wa stroberi, na mwalimu wao, Bwana Treviño, hakuamini kwamba lugha inaingia kichwani kwa kitabu peke yake. Alitaka kila nesi awe na mtu wa kumuuliza inauma wapi. Malipo ya watoto yalikuwa mkate mtamu na kikombe cha chokoleti ya moto.

Siku hiyo Brayan alikuwa amejinyoosha juu ya viti viwili, akiguna kama ng'ombe.

"Maumivu yalianza lini, bwana?" Nesi Pruitt aliuliza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Tangu nizaliwe," Brayan alisema. "Ini limeanguka. Nimelitafuta chini ya kitanda, silioni."

Nesi Pruitt akapekua karatasi zake. "Ini... limeanguka?"

"Brayan, ugua vizuri au nenda kwenu," Bwana Treviño alisema.

Zamu ya Zenaida ilipofika, manesi wote walisogeza viti. Zenaida alikuwa mgonjwa mzuri kuliko wote. Alijibu wazi, hakuharakisha, na nesi akikosea alisubiri ajirekebishe mwenyewe. Alimpenda Nesi Pruitt. Mama huyo alikuwa amepita miaka hamsini, alikosea kila sentensi ya pili, na hakuona haya hata kidogo.

Haya alikuwa nayo Zenaida. Shuleni alisema kwamba wazazi wake wametoka Guadalajara, mji mkubwa, na kwamba Kihispania ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Si kweli. Wazazi wake walitoka kijijini, katika milima ya Oaxaca, na nyumbani walizungumza Kimisteko, lugha iliyokuwako huko kabla Mhispania wa kwanza hajafika. Kihispania Zenaida alikipata shule ya chekechea.

Alikuwa na sababu ya kudanganya. Mwaka uliopita alikuja msichana mgeni kutoka milima hiyo hiyo. Brayan na wenzake wakamwita Oaxaquita, yaani kijitu cha Oaxaca, asubuhi na mchana, wakiiga anavyoongea, hadi akaacha kula na wenzake. Zenaida aliyaona yote hayo akiwa meza ya pili. Tangu hapo mama yake, Eufemia, akija kumchukua, Zenaida alimwahi langoni na kumnong'oneza, "Nana," yaani mama, "usiongee hapa." Mama yake alikuwa na Kihispania kidogo cha sokoni na cha kumjibu msimamizi wa shamba. Alimtazama bintiye, akafunga mdomo.

Jumamosi iliyofuata, gari la kliniki liliegeshwa karibu na mashamba, kwenye uwanja wa kanisa. Manesi walipanga viti chini ya turubai. Watoto wa Alhamisi walikuja kugawa maji na kuonyesha watu mahali pa foleni. Kulikuwa na simu ya kumpigia mkalimani wa Kihispania maneno yakigoma, lakini Nesi Pruitt aliiweka mbali.

"Leo sitaigusa," aliwaambia watoto. "Mtaona."

Karibu na saa sita alikuja mwanamke kijana akiwa bado na nguo za shambani. Kitambaa cha kujikinga vumbi kilikuwa bado shingoni, mikono ya shati ilikuwa na unyevu, na kifuani alikuwa amebeba mtoto mchanga ndani ya shali. Macho yake yalikuwa yakitoka machozi, na pua vilevile.

"Kichwa kinauma, mama?" Nesi Pruitt aliuliza kwa Kihispania.

"Ndiyo."

"Una mafua?"

"Ndiyo."

"Na watu wa nyumbani kwako? Wana mafua pia?"

"Ndiyo."

"Umekunywa maji ya kutosha?"

"Ndiyo, nesi."

Nesi Pruitt alimpima joto, akaona hana homa. Akampa vidonge vya maumivu, akamwambia apumzike na aendelee kunyonyesha. "Umeelewa?"

"Ndiyo."

Mwanamke akainuka. Nesi akageuka kwa watoto, uso ukimng'aa. "Mmeona? Mwanzo mpaka mwisho, bila simu! Mafua tu."

Zenaida, aliyekuwa ameshika katoni ya maji karibu na kiti, hakutabasamu. Zile "ndiyo" zilikuwa zinatoka kabla swali halijaisha. Alizifahamu. Mama yake alimjibu hivyo hivyo msimamizi wa shamba. Kwao, kumwambia mtu aliyevaa sare kwamba hujamwelewa ni kama kumwambia hajui kazi yake. Ni utovu wa adabu. Unaitikia, unashukuru, halafu unakwenda nyumbani kutafuta wa kukueleza.

Mwanamke alipompita, aliinamia shali na kumwambia mtoto kitu kwa sauti ya chini. Kilikuwa Kimisteko. "Nyamaza, baba. Ile dawa ya shambani imeniingia machoni, hata sikuoni vizuri."

Zenaida alisikia kila neno. Kushoto kwake alikuwa amesimama Brayan.

Akamgawia mzee mmoja chupa ya maji. Akamgawia mwingine. Alijiambia kwamba nesi ni nesi, amemwona mgonjwa kwa macho yake, huenda ni mafua kweli. Mwanamke alifika ukingo wa barabara, akasimama, akashika ukuta kwa mkono mmoja na kutapika. Kisha akajifuta mdomo kwa shali lile lile lililombeba mtoto.

Zenaida aliitupa katoni chini.

"Shangazi!" alipaza sauti kwa Kimisteko. "Shangazi, simama! Mtoe mtoto kifuani!"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke naye aligeuka, na aliposikia lugha ya kwao akaanza kulia na kuongea kwa pamoja. Jina lake lilikuwa Crescencia. Kijiji chake kilikuwa upande wa pili wa milima, na maneno mengine hayakufanana na ya Zenaida, ikabidi amuulize mara mbili na kutumia mikono. Trekta lilikuwa linapuliza dawa ya wadudu shamba la jirani. Upepo ukageuka. Msimamizi akasema wamalize mstari kwanza. Dawa iliwalowesha nguo. Nyumbani, mtoto alipolia, alimchukua na kumfunga kifuani. Hakuwa na muda wa kubadilisha nguo.

Zenaida alimfikishia Nesi Pruitt yote kwa Kiingereza, akihema.

Nesi alimwinua Crescencia kidevu na kumtazama macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama matundu ya sindano. Alitazama mate yaliyomjaa mdomoni. 

"Glavu. Piga simu ya ambulensi. Waambie sumu ya shambani, mama na mtoto, na wako wengine kule," alimwambia nesi mwenzake. "Sabuni, na maji yote mliyonayo. Mtoto kwanza. Zenaida, simama hapo hapo. Usiwaguse, sema tu."

Alipotaka kulifungua shali, Crescencia alilikumbatia. "Mbele za watu? Mnanivua nguo mbele za watu?"

"Nguo zina sumu, shangazi," Zenaida alimwambia. "Na mtoto amezilalia."

Crescencia akaachia.

Brayan alibeba katoni zote bila kuambiwa mara ya pili. Kisha akapewa shuka alishike liwe pazia, pamoja na Zenaida.

"Kumbe wewe ni Oaxaquita," alisema. Ilitoka kama kitu alichozoea kukisema tu.

"Ndiyo," Zenaida alisema. "Inua upande wako, umelegeza. Na utazame kule."

Brayan akainua, akatazama kule.

Jua lilipoanza kushuka, Eufemia alitoka kazini akamkuta bintiye ameketi kwenye ngazi ya gari la kliniki, viatu vimelowa. Nesi Pruitt alikuwa amemaliza kuongea na hospitali. Mtoto anapumua vizuri, alisema. Mama yake amepewa dawa, watawalaza usiku huu kuwaangalia. Wenzake waliokuwa shambani wamefuatwa na wamepimwa.

"Mwambie mama yako kwamba leo umeokoa watu wawili," nesi alisema.

Zenaida alimwambia, kwa Kimisteko, mbele ya kila aliyekuwapo.

Eufemia hakutabasamu. "Muulize nesi. Huyo mwanamke alikuwa amefika wapi wewe ulipofungua mdomo?"

"Nana..."

"Muulize."

Zenaida aliuliza. Nesi Pruitt alimtazama msichana, kisha mama.

"Alikuwa amefika barabarani," alisema. "Lakini mwambie kosa la kwanza ni langu. Nilimuuliza maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kuelewa hata moja, nikafurahi kwa sababu yalijibiwa. Kuanzia sasa swali langu la kwanza ni nyumbani mnaongea lugha gani. Na nikishampa mtu maelekezo, atanieleza yeye nilichosema. Kama hawezi, sijamtibu."

Zenaida alitafsiri. Alipofika kwenye neno barabarani alilipitisha kwa sauti ndogo, lakini alilipitisha.

Eufemia alitikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia bintiye.

"Mimi nimenyamaza langoni kwenu mwaka mzima, kwa sababu uliniomba. Hilo lilikuwa kosa langu, na limekwisha. Wewe sikiliza. Kuchekwa hakuui mtu. Sumu inaua. Ukijua jambo linaloweza kumponya mgonjwa, ukalificha ili wenzako wasijue umetoka wapi, umedanganya, hata kama hukusema neno. Unalisema saa ile ile. Si mgonjwa akishafika barabarani. Saa ile ile."

Nesi Pruitt alikuwa akiwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Amesemaje?"

Zenaida alimgeukia mama yake. "Nana, na hiyo pia nimwambie?"

"Yote," mama yake alisema. "Ukishakubali kuwasemea watu, huwachagulii maneno."

Zenaida akasimama, akamgeukia nesi, akamwambia yote.