Folda ya Wafu

Habibah ni jirani yetu wa Kisenyi, binti wa Kinubi asiyependa hadithi za mashetani, na ndiyo maana mtaa mzima unamwamini. Anayoyasimulia yalimkuta saa nne asubuhi, jua likiwaka, katika ofisi moja ya Ntinda inayowatafutia wakimbizi wa Kongo nchi ya kuhamia.

Aliitwa kuondoa seva ya zamani, dubwana la chuma lililonguruma kabatini miaka kumi na minne, na kuweka mahali pake kisanduku kidogo cha kuhifadhia faili kwenye mtandao wa ofisi. Kazi ya asubuhi moja. Unganisha, nakili, zima, nenda nyumbani.

Mkuu wa ofisi alikuwa Guerschom. Mtu huyu aliingia Uganda na kifurushi kimoja, akapanga mstari kama wenzake, na sasa akipita kwenye benchi la wakimbizi anaziba pua kwa leso. Wapo wengi wa namna hii, na hupandishwa cheo.

Ofisi ilikuwa na desturi yake. Kwa kuwa makarani walikosea sana majina, kila aliyeandikishwa alirekodiwa akitaja jina lake na la mama yake kwa sauti yake mwenyewe. Kwa aliyeunguliwa na karatasi zake, sauti hiyo ndiyo ushahidi pekee aliobaki nao. Guerschom akaongeza desturi yake: asiyefika ofisini miezi mitatu, faili lake linatupwa kwenye folda iliyoandikwa WAFU. Kupiga simu kuuliza? Hiyo ni kazi ya watu wenye haya.

Asubuhi hiyo mzee Mumbere alisimama mlangoni na mkongojo. Alikuwa ametoka hospitali baada ya miezi minne. Karatasi zake ziliungua zote, na mahojiano yake ya kuhama yalikuwa Ijumaa, keshokutwa.

"Mzee, kompyuta inasema ulikufa," Guerschom alimwambia huku akicheka. "Sasa nibishane nayo?"

"Patron, mukono yangu ni hii. Guseni."

"Banange! Maiti za siku hizi zina maneno!"

Habibah akainua uso. "Bosi, folda hiyo naanza kuinakili. Dakika ishirini tu."

"Nyabo, wewe ni fundi ama wakili? Wafadhili wanakuja Jumatatu, wanataka orodha fupi. Kisanduku kipya hakitaki makaburi."

Akaivuta kibodi, akaandika nywila yake, akafuta folda nzima. Watu mia mbili na kumi na mmoja. Habibah akakagua. Tupu.

Seva ikanyamaza. Hakuna aliyeizima.

Guerschom akageuka aseme neno la ushindi. Akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya mwanamke.

"Mimi Katungu. Mama yangu Masika. Wa Lubero."

Akauziba mdomo kwa viganja viwili. Vidole vyake vikasukumwa kutoka ndani.

"Mimi Paluku. Mama yangu Kavira." Huyu alikuwa mtoto.

Midomo haikutikisika. Koo ndilo lililokuwa likipanda na kushuka, kama kuna watu kwenye ngazi.

Habibah akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake mzee akanong'ona, "Rekodi, mwanangu. Rekodi."

Habibah akaweka simu yake mezani, ikirekodi. Sauti baada ya sauti. Wengine walilia. Mmoja alirudia jina la mama yake mara tatu, kana kwamba karani alikuwa akimkosea tena. Macho ya Guerschom yaliomba msaada. Habibah anasema hakumwonea huruma hata chembe, na hilo linamtisha kuliko yote.

Saa saba mchana ikafika zamu ya mzee.

"Mimi Mumbere. Mama yangu Mbambu."

Mzee akavua kofia.

Habibah akazipakia zote kwenye kisanduku kipya, jina kwa jina. Ijumaa, kwenye mahojiano, sauti ya mzee ikachezwa. Afisa akakunja uso. Mbona ndani ya rekodi mvua inapiga mabati? Jumatano iliporekodiwa hakukuwa na tone, na paa la ofisi ya Ntinda ni zege.

"Ofisi ya kwanza ilikuwa ya mabati," mzee akajibu taratibu. "Siku nilijiandikisha, mvua ilikuwa kubwa."

Alipita. Yeye na mkewe wameshaondoka.

Guerschom bado ni mkuu. Watu kama yeye hawafukuzwi. Siku hizi anatoa amri kwa kuandika tu, na hata chai hanywi mbele ya watu. Zulia lililo chini ya kiti chake wamelibadilisha mara tatu. Halikauki, linanuka mvua. Na kila asubuhi lina alama za nyayo ndogo, zenye matope, zinazoelekea kwenye kiti.

Za kurudi hazipo.