Sivui Kitenge Changu

Soko la Mwanga, mjini Kigoma, Jumamosi halina adabu: ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Ndipo Castory, mpiga picha wa Gungu, alipokikanyaga kitenge cha manjano ambacho Vénérande alikuwa amekinunua sasa hivi, kikamponyoka matopeni.

"We kaka! Macho umeyaacha kwenye kamera?"

"Samahani, dada. Nitakifua."

"Ukifue wewe? Shati lako lenyewe limekushinda!"

Akacheka, na kijana wa watu akawa hoi hapo hapo. Miezi minane baadaye walikuwa wakipigiana simu asubuhi, mchana na jioni, Vene hivi, Casto vile, mpaka majirani wakachoka.

Ndoa ndiyo iliyokwama. Vénérande, fundi cherehani, alizaliwa Ilagala na wazazi waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Baba yake alishafariki, mama amebaki Ilagala, lakini kwa desturi wa kupokea mahari alikuwa kaka yake, Sindayigaya. Naye Sindayigaya alikwenda ng'ambo kudai shamba la babu, akakamatwa wiki ya kwanza. Mwaka mzima serikali ya kule ikasema haimjui mtu huyo. Haimjui! Mtu mzima mwenye ndevu!

Kisha habari zikaja kwamba mjumbe wa nchi moja ya Ulaya anafika Kigoma kusikiliza watu, kabla nchi yake haijasaini mkataba wa misaada na serikali hiyo. Haki za binadamu, walisema, zitakuwa mezani. Castory alikodiwa kupiga picha, akahakikisha jina la mchumba wake limo kwenye orodha ya wazungumzaji.

"Mjumbe akimtaja kaka pale mezani," Vénérande alisema, "hawawezi tena kusema hawamjui."

Siku ilipofika alivaa gauni la kile kitenge cha manjano, mabega yamesimama, kilemba juu, hereni zinang'aa. Ukumbi mzima uligeuka. Winfrida, mratibu wa ziara, akamvuta Castory pembeni wakanong'ona. Castory akarudi na khanga iliyochujuka.

"Mpenzi, jifunge hii kidogo. Ni ya picha tu. Wanasema umependeza mno, huko kwao hawataamini kama una shida."

"Wanasema. Na wewe unasemaje?"

Castory akainamia kamera yake.

"Ni dakika tano tu, Vene."

"Yoo! Kaka yangu wamemnyang'anya uhuru, na nyie mnataka kunivua nguo! Haki gani hiyo inayoanza kwa kunivisha umaskini? Na aliyetumwa kuniletea ni wewe, mwanaume wangu!"

Akaitupa khanga chini, akatoka. Jina la Sindayigaya halikusemwa.

Castory alipiga simu mara kumi na tisa. Ya ishirini ikapokelewa.

"Vene, niliogopa watakukataa..."

"Ukaona bora unikatae wewe? Mjumbe anaondoka kesho. Sasa nani atamtaja kaka yangu? Niambie, Castory, nani?"

Akakata, akalia. Alimchukia Castory, akamchukia Winfrida, na akajichukia mwenyewe kwa kuondoka kabla hajasema.

Asubuhi Castory, naye amefura, akapanda bodaboda hadi hotelini.

"Picha ziko wapi?" Winfrida akauliza.

"Ninazo. Mjumbe azifuate Gungu, kwa fundi Vénérande."

"Una wazimu wewe?"

"Ninao. Umenipata jana."

Saa moja baadaye gari jeupe likasimama mbele ya kibanda cha fundi. Mjumbe, mzee mrefu aliyebabuka pua kwa jua, akakaa kwenye benchi katikati ya vipande vya vitambaa, Winfrida akitafsiri macho chini. Vénérande, ndani ya gauni lake la manjano, hakutoa hata tone la chozi. Alitaja tarehe, kituo na watu walioona.

"Mwambie asinipe pole. Aandike jina. Aandike kwa mkono wake."

Mzee akaandika. Kisha akaomba picha. Vénérande akamkazia macho Castory.

"Piga. Na gauni lionekane lote."

"Kibanda ni kidogo, Vene."

"Shauri yako."

Tangu siku hiyo Castory alikuja kibandani kila jioni kuomba radhi, na kila jioni akafukuzwa. Wiki ya tatu alikuwa amesimama mlangoni Winfrida alipompigia Vénérande simu.

"Walimtaja, dada. Na sasa serikali ya kule imekiri kwamba inaye. Wamesema suala lake wataliangalia."

"Na mkataba?"

"Umesainiwa."

"Yaani misaada wamepewa, na kaka bado yumo ndani?"

"Dada, ndiyo diplomasia hiyo."

"Ndiyo dharau hiyo!" Simu ikaruka juu ya vitambaa.

"Nitasubiri, Vene," Castory akasema taratibu. "Hata miaka kumi, mpaka kaka atoke apokee mahari."

"Oya! Nani kakwambia usubiri? Kaka wamemchukua, mwaka wangu wamekula, na harusi yangu nayo waiweke kwenye faili, waiangalie? Jumapili hii wazee wako wawe Ilagala. Mahari atapokea mama. Kiti cha Sindayigaya kitakuwa pale, kitupu, na wewe utakipiga picha tuwapelekee."

Castory akaingia ndani.

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Nimekwambia unioe."